Do Niliyoichukua Mashineni

4 Desemba, Jumatano

Leo Mwalimu Daudi amegawa madaftari ya masomo ya nota, kila mwanakwaya na lake. Nimeandika juu: Violeth Chilongani, sauti ya pili. Kwa mbele nitaandika anayofundisha. Nimeligeuza, na huku nyuma nitaandika mengine, maana nina jambo ambalo sijamwambia mtu ila Mungu, naye alikuwa analijua.

Jambo lenyewe ni sikio la kushoto. Lilianza baada ya mavuno, likipiga filimbi nyembamba kama birika linalokaribia kuchemka. Mama yangu mzazi alianza hivihivi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, sawa na mimi sasa. Kabla hajafika sitini watu walikuwa wanamzungumzia hapohapo alipokaa, kama mtu asiyekuwepo, naye akawa anacheka wenzake wakicheka. Hajui wanacheka nini, anacheka tu. Kicheko kile ndicho ninachokiogopa.

Na leo ndipo Mwalimu alipotangaza mashindano. Kwaya za kanda zitakutana Chamwino tarehe 26 Aprili, kila kwaya wimbo mmoja bila kinanda. Ukimaliza, jaji anabonyeza kinanda chake mbele ya watu wote, ionekane kama mmekaa kwenye sauti iliyoandikwa au mmehama. Wengine watakuja na vifilimbi vya kutafutia sauti. "Sisi hatuhitaji," Mwalimu akasema, "tuna Mama Violeth." Wenzangu wakapiga makofi. Miaka kumi na tisa mimi ndiye ninayetoa do, sauti ya kuanzia wimbo, hapa kijijini Zuzu. Nilitabasamu.

11 Desemba

Somo: do haina nyumba moja, inahama. Kwenye karatasi juu kushoto imeandikwa Do ni F, au Do ni G, herufi za vibonyezo vya kinanda, na hapo ndipo wimbo unapokaa. Re, mi, fa na wengine wote wanaifuata kama watoto wanavyomfuata mama. Mimi nilidhani do ni moja tu, kama kengele ya kanisa. Kumbe miaka yote nilikuwa naikisia kutoka kifuani, na kifua kilikuwa hakinidanganyi. Wimbo wetu Do ni G.

Nimejaribu kuitafuta G nikiwa nachota maji. Filimbi imenifunika.

19 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana. Tumepanda uwele.

22 Desemba, Jumapili

Joel ananichosha. Mume wangu si mtu wa kelele, lakini siku hizi akinisemesha ni kama anaita ng'ombe. Nikimwambia asinipigie kelele anasema mimi ndiye ninayenong'ona. Pia ameingiwa na vituko. Tukienda kanisani lazima azunguke atembee upande wa pili, hata kama kule kuna tope. Mezani amehamisha kiti chake. Nimemwuliza, akasema miguu inampa shida. Miguu na kiti wapi na wapi.

25 Desemba

Krismasi. Mvua juu ya bati, hakuna aliyemsikia mwenzake. Nilikuwa mwenye raha kuliko wote, Mungu nisamehe.

8 Januari, Jumatano

Somo: kimo na ukubwa ni vitu viwili. Sauti inaweza kuwa juu na bado ikawa ndogo, au ikawa chini na bado ikawa kubwa. Mwalimu akaniita mbele niwe mfano. Nilitoa do kubwa, nikatoa do ndogo. Akasema ile ndogo haijafika kwa wenzangu, nirudie. Nikarudia. Akasema bado. Kwangu ilikuwa inajaza kichwa.

12 Januari, Jumapili

Nimeaibika.

Ibada ya pili, umeme hakuna, kinanda kimelala. Mchungaji alipokaa nikasimama nikatoa do kwa wimbo wa sadaka. Tukaanza. Ubeti wa kwanza ulipofika pale juu, sauti ya kwanza wakapiga yowe kama kuku anayefukuzwa. Wengine wakanyamaza, wengine wakaendelea, na mgongoni kwangu nikahisi watu wanacheka. Kuhisi nasema, kwa sababu kusikia sikusikia. Nilikuwa nimeitoa juu mno, hatua tatu juu, Mwalimu alisema baadaye. Nikamwambia nina mafua.

"Pole, mama," akasema. Huyu kijana ana miaka thelathini na tatu, kasomea muziki chuo cha biblia, na uso wake hausemi kitu. Nadhani ananidharau.

22 Januari, Jumatano

Sijui kama niandike hili.

Somo lilikuwa juu ya ti. Mwalimu aliandika ubaoni d r m f s l t, akaacha nafasi mwishoni. Akatuimbisha kupanda mpaka ti, kisha akakunja ngumi tunyamaze. Tukabaki tunaning'inia. Baba mmoja wa besi akashindwa kuvumilia, akamalizia do peke yake, tukacheka. Mwalimu akasema ndivyo ilivyo: ti haiwezi kukaa, mwili mzima unaitaka do iliyo juu yake, na mtunzi akitaka kukutesa anakuacha hapo.

Niliporudi nyumbani nikakaa jikoni, nikaimba kutoka G aliyotuachia, taratibu, do, re, mi, nikipanda kuelekea filimbi ya sikioni. Nilipofika ti zikashikana, sauti yangu na filimbi, zikawa moja.

Basi ndiyo hiyo. Kuna ti ndani ya kichwa changu, inalia mchana kutwa, na haipandi. Nimesoma Zaburi mbili nzima na sikumbuki hata mstari.

30 Januari

Palizi. Mgongo.

5 Februari, Jumatano

Leo kuna jambo jema, naliandika kabla halijaniponyoka.

Nilikwenda kwa Shaaban kusaga. Shaaban ni Mrangi wa Kondoa, ana mashine ya umeme pale njia ya stesheni, na ulimi wake hauna kizuizi. Mle ndani kelele ni ya kutisha, na kitu cha ajabu nimekigundua: kwenye mashine nasikia watu vizuri kuliko nyumbani. Kila mtu anapaza sauti kushinda mashine, na mimi nayapata maneno yote.

Uwele wangu ulipoisha, mashine ikawa inazunguka tupu. Nilikuwa nimeegemea, kiwiko juu ya ubao wa mdomo wake. Ikaingia. Si kwa sikio, bali kwa kiwiko, ikapanda begani mpaka kwenye taya. Sauti moja imenyooka, haitikisiki. Nikaifuata kwa mdomo uliofungwa. Nikaibeba njiani bila kumsalimia mtu mpaka kanisani, nikaitoa. Mwalimu akabonyeza kinanda. Ilikuwa G, G yenyewe. Akaniangalia, akasema, "Mafua yamepona." Wenzangu wakafurahi.

Mashine ya Shaaban ikiwa tupu inaimba G. Asante, Bwana.

15 Februari

Nasaga kilo mbili mbili. Jumatano kabla ya mazoezi, Jumamosi kabla ya mazoezi, Jumapili kabla ya ibada, kwa bahati Jumapili Shaaban anafungua. Joel anasema unga uliopo utatufikisha Pasaka ya mwakani. Shaaban leo kaniambia mbele ya foleni, "Mama kwaya, kindoo hiki nakiona mara ya tatu wiki hii. Mnapika ugali au mnapiga lipu nyumba?" Watu wakacheka na mimi nikacheka. Nikangoja mashine iwe tupu, nikaegemea.

Naogopa mtu asije akajua. Mtoa do wa kanisa anakwenda kuichukua kwenye mashine ya kusaga.

19 Februari

Somo: rangi ya sauti. Do ni ileile, lakini ya zeze si ya ngoma na ya Joel si ya kwangu. Nikajiuliza ya kwangu imeanza kufanana na ya nani.

26 Februari, Jumatano

Mchungaji alikuja na wageni wawili wa kanda kutusikiliza. Nilipita kwa Shaaban kama kawaida, nikaegemea, nikaichukua, nikaitoa mbele ya wageni bila wasiwasi. Kwaya ikaingia.

Besi hawakufika. Wanaume wazima walikuwa wanakoroma kama wanaota. Sauti ya pili tukawa tunatambaa chini, wimbo mzima mzito kama gari lililonasa. Mwalimu alitusimamisha katikati, jambo ambalo halifanyi kamwe mbele ya wageni. Akabonyeza G. Niliona kidole chake kikishuka. Mimi nilikuwa nimeitoa D.

Wageni walipoondoka alinisogelea. Akauliza taratibu, nikamwomba arudie, akarudia.

"Mama, do umeitoa wapi?"

Nikasema kifuani. Nimedanganya ndani ya kanisa.

Nilirudi kwa Shaaban kabla hajafunga. Nikamwuliza mashine imekuwaje. Akafurahi kuulizwa: Jumatatu mota iliungua, amefunga nyingine pamoja na puli kubwa, sasa inazunguka polepole na unga unatoka laini zaidi. Unga wangu wa leo, akasema, hata bibi harusi angeukubali.

Nilikuwa nimeishika hiyo mashine kama nguzo, na nguzo ilikuwa imebadilishwa tangu juzi. Sikuona tofauti. Hilo ndilo linalonitetemesha. Kukosea hata mzima anakosea, lakini kati ya G na D kuna umbali wa mchana na jioni, na mimi sikuuona.

5 Machi, Jumatano ya Majivu

Somo: kimya. Kwenye karatasi zetu sauti inayoshikiliwa ina kistari, lakini kimya hakina alama, ni nafasi tupu kati ya vitone. Mwalimu anasema nafasi tupu ina mapigo yake, lazima uyahesabu. Wenzangu walihesabu. Mimi niliitazama ile nafasi nyeupe mpaka macho yakaniuma.

Nimepakwa majivu. Padogo tu, na nilihisi uzito.

12 Machi

Nimemwambia Mwalimu koo linaniuma. Sauti ametoa kwa kinanda.

22 Machi, Jumamosi

Uwele umeanza kutia punje na ndege wamefika. Joel alikwenda kijiji cha pili msibani, nikabaki shambani peke yangu kuamia. Kazi yenyewe kila mtu anaijua, unakaa juu ya kichanja na kopo lenye mawe, ukisikia wanakuja unatingisha na kupiga kelele. Ukisikia.

Nilikuwa nimewapa mgongo, nikifunga kamba. Niligeuka kwa sababu kivuli kilipita. Kona nzima ya chini ilikuwa imefunikwa na kweleakwelea. Wakiwa wengi hivyo wanavuma kama mvua inayokuja. Jirani yetu Batuli aliwasikia kutoka shambani kwake, kavuka korongo anakimbia na sufuria mkononi akiipiga. Mimi nilikuwa hatua ishirini.

Batuli aliniuliza kama nilikuwa nimelala. Nikasema ndiyo, nilipitiwa. Akaniambia pole, akatazama masuke yaliyobaki vijiti, akaondoka.

Nilikaa chini kati ya mabua. Ti ilikuwa inalia. Nikawaza, leo ni ndege. Kesho ni gari barabarani, au mjukuu anayelia nyuma ya nyumba. Nikamwita Mungu kwa sauti kubwa, na hata hiyo sijui kama ilitoka.

23 Machi, Jumapili

Nimemwambia Joel.

Tulikuwa tunatoka kanisani. Alikuwa amezunguka tena upande ule wa tope. Nikasimama, nikasema yote kwa mpigo mmoja, mama yangu, filimbi, mashine, ndege, kwamba sikulala. Nilitegemea ashtuke. Akawa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Kushoto husikii tangu mwaka jana," akasema. "Ndiyo maana natembea kulia. Ndiyo maana nikahamisha kiti. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, ulivyo na heshima zako."

Mimi nimeandika humu kwamba ananichosha. Nimeufunua ule ukurasa nikausoma, nikaona haya mbele ya daftari langu mwenyewe.

2 Aprili, Jumatano

Tumekwenda mjini, kliniki ya masikio, mtaa wa Kikuyu. Nesi anaitwa Asma, mdogo kama binti yangu wa mwisho, sauti ndogo, lakini anakuangalia usoni akisema. Akanivalisha vitu vya masikioni, akaniambia nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilikaa na kidole juu ya kitufe. Muda mrefu hakukuja kitu. Nilijua vinakuja, maana niliona mkono wake unafanya kazi upande wa pili wa kioo. Nikatamani kubonyeza hivyohivyo, nimridhishe. Nikakumbuka kicheko cha mama. Sikubonyeza.

Kisha akatoa uma wa chuma wenye meno mawili, akaupiga kwenye goti lake, akauweka mbele ya sikio la kushoto. Kidogo sana, mbali. Akaupiga tena, akaukalisha kitako chake kwenye mfupa nyuma ya sikio.

Ukaingia wote. Mzima, safi, kama zamani. Nilianza kulia na akadhani ananiumiza.

Alinieleza polepole. Ndani kabisa kuna kifupa kidogo kama punje ya uwele, ndicho kimeganda, hakichezi tena. Njia ya hewa imeziba, njia ya mfupa ni nzima. Ndiyo sababu sauti yangu mwenyewe naisikia kubwa na watu wanasema nanong'ona. Huwa inapita kwenye ukoo. Sikio la kulia nalo limeanza. Nimepewa tarehe ya daktari mwezi wa sita. Anaweza kufungua na kuweka kifupa kingine, au nivae kifaa. Kufungua mara nyingi kunafaa. Nilimwuliza na mara nyingine je. Akasema ukweli, mama, mara chache sikio linakufa kabisa. Tulikaa kimya. Yale mapigo niliyahesabu.

3 Aprili

Kwa Mwalimu nilikwenda asubuhi, Joel akingoja nje. Nilimwomba ampe mtu mwingine kazi ya do. Nilimweleza mashine pia, nikitegemea ahesabu ni dhambi au acheke. Hakucheka. Aliuliza mara mbili habari ya uma wa nesi, ulikalishwa wapi hasa. Kisha akafungua droo, akatafuta chini ya makaratasi, akatoa uma kama ule, mdogo, umepata kutu kidogo. Wa chuo. Tangu apate kinanda hakuugusa.

"Huu unatoa A," akasema. "Kwenye wimbo wetu A ni re. Ukishuka hatua moja uko do."

Nikamwambia basi autumie yeye. Akatazama dirishani. Akasema kwa sauti ambayo ilibidi airudie kulia kwangu: yeye akigeuka kuwatazama watu, ile sauti inamtoka. Chuoni walimcheka kwa hilo. Hajawahi kushika do bila kinanda, na ndiyo maana tangu afike Zuzu amekuwa akinisikiliza mimi na kujifanya anahakikisha.

Kumbe uso ule usiosema kitu ni uso wa mtu anayeogopa. Ningepaswa kuutambua, nimeuvaa msimu mzima.

9 Aprili

Nimewaambia wanakwaya mwenyewe, nimesimama, uma mkononi: sikio la kushoto limeziba, do naipata kwa mfupa. Baba wa besi akauliza kama sasa wanichape do kwa kiboko. Watu wakacheka. Hiyo nilisikia.

20 Aprili

Amefufuka. Nimetoa do sita leo, zote sahihi. Bado naogopa.

26 Aprili, Jumamosi

Chamwino. Naandika ndani ya gari la kurudi, mwandiko unaruka.

Tulikuwa wa saba. Mvua ambayo haikutegemewa tena ilianguka wakati tunapanda jukwaani, bati likapiga mayowe. Mwalimu akaniangalia. Nikaupiga uma gotini, nikaukalisha nyuma ya sikio, nikafumba macho. Re ikaingia. Chini yake ti yangu ilikuwa inalia kama kawaida, na kati yao kulikuwa na nafasi moja tupu. Nikashuka nikaikalia. Nikaitoa kubwa, kubwa kuliko inavyomstahili mama mtu mzima, kwa kuwa nimejifunza kwamba ninayoisikia mimi siyo wanayoisikia wao.

Kwaya ikaingia. Sikuwasikia walio kushoto kwangu hata kidogo. Nilitazama mkono wa Mwalimu, nikahesabu, nikaimba. Mahali pa kimya tulikaa kimya, mapigo manne, mvua peke yake.

Tulipomaliza jaji, mama mwenye miwani, akanyoosha kidole akabonyeza. Nilikiona kidole kikishuka. Ukumbi mzima ulisikia. Mimi sikusikia chochote. Nikamtafuta Mwalimu, kafumba macho, uso wake ni ule ule. Makofi yakapigwa, lakini kila kwaya ilipigiwa makofi. Matokeo watayasoma makanisani Jumapili ijayo.

Nje chini ya kibaraza wenzangu walisimama duara, baba wa besi anasema kitu, wakacheka. Nami nikacheka. Nilikuwa nimeshacheka nusu nilipokitambua kile kicheko. Kilikuwa cha mama yangu, chenyewe kabisa, kinatoka mdomoni kwangu. Nikashika nguzo.

Nikasema, "Mnacheka nini? Mimi sikusikia."

Wakageuka wote. Kisha Joel, aliyetusindikiza na asiyejua do wala re, akazunguka akaja kulia kwangu, akaniambia bila kupiga kelele.

"Kinanda kimesema vile ulivyosema wewe. Jaji hakuamini. Kabonyeza tena, kikarudia vilevile."

Nikacheka. Peke yangu, wenzangu wakiwa wameshamaliza.